Metre Anaonja Kwanza

Mara ya kwanza nilipomwona Metre, alikuwa anakunywa chai ya mchungaji. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wamesimama kwenye ukumbi wa chini wa kanisa tunalopanga kwa Wazungu hapa Louisville, na mgeni huyu mwenye koti jeusi lililopigwa pasi mpaka likang'aa alikuwa ameshika birika. Alijimiminia funda moja katika kikombe kidogo, akalinywa mbele ya macho ya mchungaji, akatulia kidogo, ndipo akamjazia kikombe chake. Sisi vijana tulicheka. Wazee hawakucheka. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ni wa kwetu."

Kwetu ni Kivu. Huko, mwenye nyumba akikukaribisha kinywaji, hukifungua mbele yako na kukionja kwanza. Mgeni haonji; anayeonja ni mtu wa nyumba. Hakuna anayeeleza kwa nini, na hakuna mtoto anayehitaji kuelezwa. Tumesikia habari nyingi mno za watu waliokwenda kunywa bia kwa jirani wakarudi wamebebwa. Nyingi huenda si kweli. Lakini chupa iliyoletwa ikiwa imeshafunguliwa, hata Mama, ambaye amesali maisha yake yote, huiacha palepale mezani.

Tulimwita Metre kwa sababu ndiyo kazi yake: mkuu wa wahudumu wa mezani katika hoteli. Neno hilo Wabelgiji walilileta Kongo, wakaondoka, likabaki. Jina lake nalijua, ila sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Ukimuuliza ametoka kijiji gani, baba yake nani, alikuwa anajibu kwa kutaja nyumba. "Mimi nilikuwa kwa ile nyumba kubwa ya pembeni ya ziwa. Halafu nikakuwa kwa nyumba ya bapadri. Halafu kambi. Halafu Buffalo." Kana kwamba alizaliwa na milango.

Namweleza kwa urefu kwa sababu mtu huyu aliomba kumwoa mama yangu, na wazee wakaamua kwamba neno la mwisho ni langu.

Nianze na hoteli, maana bila hoteli huwezi kumwelewa. Iko nje ya mji, juu ya kilima kinachotazama mto Ohio. Ilijengwa na tajiri mmoja wa pombe aliyetaka kuishi kama bwana wa mashamba wa Uingereza. Kuiga hakukumtosha. Alinunua ukumbi mzima wa nyumba ya kale iliyokuwa inabomolewa huko Uingereza, akauleta kwa meli: mbao za ukutani, ngazi, dari ya kuchongwa, na meko ya mawe ambayo mtu mzima anaweza kusimama ndani yake. Nyumba nyingine yote akaijenga hapahapa kuuzunguka ukumbi ule, kama mtu anayeshona koti kuufuata mfuko. Wajukuu walipochoka kutengeneza paa, nyumba ikawa hoteli. Sasa wageni wanatoka Chicago na Atlanta kuja kulala Uingereza bila pasipoti. Alasiri wanaletewa chai na vimkate vya siagi na jamu, na ukutani wanatazamwa na mabwana na mabibi waliochorwa kwa rangi za mafuta, wenye mbwa wembamba. Hakuna hata mmoja kati ya mabwana hao aliye ndugu wa tajiri wa pombe. Walinunuliwa mnadani.

Niliingia kufanya kazi ya mapokezi pale baada ya kumaliza chuo Columbus na kukosa kazi niliyosomea. Metre ndiye aliyenitafutia. Hilo lenyewe lilinitia shaka. Kwa nini mtu asiye ndugu yangu anisaidie? Nilipomuuliza Mama alisema, "Kwa sababu ni mutu mwema." Nilipokwenda kulala nikawaza kwamba watu wema huwa na sababu pia, na kwamba sababu ya huyu huenda ilikuwa inakaanga samaki jikoni kwetu.

Siku ya kwanza Metre alinitembeza. Tulipofika ukumbini alisimama mbele ya meko akaniambia, "Chumba hiki ni mukimbizi kama sisi. Balikivunja kwao, bakakifunga ndani ya masanduku, bakakileta. Sasa kila mutu anasema ni kizuri. Hakuna mutu anauliza kule kulipita nini."

Nilicheka. Jioni ile, kwenye basi, sikucheka tena. Mtu anapokuambia jinsi ilivyo vizuri kutoulizwa, anakuambia nini?

Kazini alikuwa na mwendo wake. Hakumkaribia mgeni kutoka nyuma hata siku moja. Alizunguka meza yote ili aje kutoka upande wa macho, na kabla ya kupinda kona alikohoa. Akifungua mlango wa chumba aliingia yeye kwanza, akasimama pembeni mgongo ukutani, mikono ikiwa wazi, mgeni aone chumba kizima na aone kwamba hakuna mtu mwingine. Chupa ya divai hakuifungulia jikoni kamwe. Aliileta na kizibo chake, akamwonyesha mgeni, akaifungua hapohapo, akamimina tone katika kikombe cha fedha kilichoning'inia shingoni kwa mnyororo, akanywa. Supu aliionja kwenye meza ya pembeni, kwa kijiko alichokiweka mfuko wa kifuani, waziwazi, akiwa amewageukia watu. Na hakuwaruhusu wahudumu wanong'one mbele ya wageni. "Wakinong'ona wawili," alisema, "wa tatu anaacha kula."

Wageni walikuwa wanampenda mpaka inachekesha. Walimpiga picha. Meneja, mama mmoja Mmarekani mwenye miwani ya kamba, aliniambia, "Mambo haya huwezi kumfundisha mtu. Lazima awe amelelewa nayo." Aliamini kwamba Metre alifunzwa katika nyumba ya bwana fulani huko Ulaya. Alikuwa amemuuliza, naye Metre akamjibu kwamba alijifunza katika nyumba kubwa. Jibu lilikuwa la kweli. Meneja ndiye aliyeongeza Ulaya.

Mimi peke yangu katika ukumbi ule nilijua ninachokitazama: mtu anayewathibitishia wageni, sahani baada ya sahani, kwamba hatawaua.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakula. Yaani alikula, lakini peke yake, kwenye ngazi ya nyuma ya jiko, na alikula vitu vyenye ganda tu. Mayai ya kuchemsha aliyoyamenya mwenyewe. Ndizi. Karanga. Machungwa. Maji ya chupa ambayo kifuniko chake alikisikiliza kikivunjika. Mpishi alipomwekea kipande cha nyama alishukuru kwa heshima zote, na kipande kilibaki palepale mpaka kikapoa. Nilipomtania kuhusu mayai yake alinijibu, "Kama haumujue mupishi, ujue ganda."

"Lakini mpishi unamjua, Metre. Mmefanya kazi pamoja miaka."

"Bon. Namujua usoni."

Kanisani pia ilikuwa hivyo. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Aliimba sauti nzito ambayo kwaya ingefurahi kuikosa. Theluji ilipofunga barabara alikuwa anamfuata Mama kwa gari yake mpaka kwenye nyumba ya kutunzia wazee anakofanya kazi, na kumngojea mpaka zamu iishe. Jirani yetu alipofiwa, Metre aliosha vyombo vya matanga yote akiwa na koti lake jeusi. Lakini matanga hayohayo, wali ulipoletwa, alikumbuka kwamba ameacha kitu kwenye gari.

Nilianza kusoma. Saa za mchana mapokezi yanapokuwa kimya, nilitafuta kwenye kompyuta ya hoteli habari za sumu: zile za kuua upesi, zile za polepole, zile ambazo anayeonja hawezi kuzigundua mapema. Nikajifunza kwamba kuonja funda moja hakuthibitishi karibu chochote. Kisha nikaogopa kwamba mtu akija kuangalia kwenye kompyuta ile nilichokuwa nakisoma, mshukiwa wa kwanza nitakuwa mimi. Nikafuta. Kisha nikawaza kwamba kufuta ndiyo dalili mbaya zaidi.

Metre aliposema ombi lake, alilisema kwa mchungaji, kama inavyotakiwa, naye mchungaji akaja kwa Mama. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alisema ana kaka, na kaka yake yuko Hilliard, Ohio. Mjomba akapiga simu, akataka kuzungumza na mimi.

"Weye njo mukubwa kwa nyumba," alisema. "Baba yako hayuko tena. Mama yako akiolewa bila neno yako, kesho utatuletea maneno. Donc useme. Ukisema ndiyo, mimi naita bazee, tunamaliza. Ukisema hapana, mimi mwenyewe namwambia huyo bwana aende na amani."

"Mjomba, mimi nitajuaje?"

"Si ulisoma?"

Sikumwambia kwamba kusoma ndiko kulikonifikisha hapa.

Mama naye alikuwa na kesi yake, tofauti na yangu. Metre alikuwa anakuja kwetu siku za Jumamosi, anaketi kwenye kiti kinachotazama mlango, anaongea na Mama habari za watu wa zamani. Mama anapika. Chakula kinakuja mezani. Metre anainamisha kichwa juu ya bakuli, anavuta pumzi, anasema, "Harufu tu imenishibisha, Mama." Mara ya kwanza Mama alicheka. Baadaye akaelewa kwamba mtu huyu anangoja. Anangoja mwenye nyumba aonje.

Na Mama akakataa.

"Nalisha bazee ba Wazungu kwa kijiko," aliniambia huku anasugua sufuria kwa hasira. "Bengine wamesahau hata majina ya batoto babo. Wanafungua mdomo, wanakula. Hakuna hata mmoja aliniambia nionje. Sasa huyu, wa lugha yangu, wa kanisa yangu, njo nimuonjee? Kwa nyumba yangu? Kama mimi ni nani?"

"Ni desturi, Mama. Hata wewe huwaonjea wageni."

"Wageni, ndiyo. Huyu anataka kunioa." Akaweka sufuria chini. "Mutu asiyekula kwangu hatalala kwangu."

Mdogo wangu, aliyekuwa kwenye kochi na simu yake, alisema kwa Kiingereza kwamba hataki kusikia habari za kulala. Mama alimtupia kitambaa cha vyombo.

Basi nikaenda Buffalo. Mama Mdogo anaishi kule, na ndiye aliyekuwa ametutumia ujumbe wa sauti mrefu mara tu habari zilipomfikia: "Huyo mutu, muulize vizuri. Hapa Buffalo tunamujua." Kisha akanyamaza, kama watu wanavyonyamaza wakitaka ulipe nauli uje kusikia mengine.

Nilifika kukiwa na upepo ule wa ziwani unaokata masikio. Mama Mdogo alinipokea kwa mandazi na chai, akaonja chai yangu kabla hajanipa bila hata kufikiri. Yeye na Metre walifanya kazi katika ghala moja pale Lackawanna, Metre alipokuwa amefika tu kutoka kambini, wakipanga masanduku kwenye mbao za kubebea mizigo.

"Saa ya mapumziko," alisema, "mimi nimetoka kupika mandazi kama haya. Nikasema, huyu ni kaka yetu, hana muke hapa, nimupe. Nikamupa. Unajua alifanya nini? Alipasua. Akaangalia ndani! Kama mutu anatafuta mududu. Mbele ya batu bote. Halafu akafunga tena, akanirudishia, akasema merci, eti asante."

"Hakula?"

"Merci, alisema. Merci! Mpaka leo nikisikia hiyo neno tumbo linaniuma."

Nilimuuliza ni hilo tu analolijua. Akanisogelea. Hapana, si hilo tu. Watu waliokaa pembeni ya ziwa wanasema Metre alikuwa mtumishi katika nyumba ya mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa, ambayo baadaye ikawa hoteli, na wakati wa vita mkubwa mmoja wa jeshi akaifanya makao yake. Mkubwa huyo akafa. Alikufa baada ya kula. "Na nani alikuwa anamupa chakula?" Mama Mdogo aliuliza, akaninyooshea andazi. "Mutu anayeogopa sumu hivyo, mwanangu, anaijua sumu."

Njiani kurudi nilikaa dirishani nikitazama theluji ya pembeni ya barabara na kuipanga hoja hiyo upya mara nyingi. Kama unaogopa sumu kwa sababu unaijua, basi sisi sote wa Kivu ni wauaji, Mama Mdogo na chai yake akiwemo. Lakini pia, kama watu wote wanaogopa kidogo na mmoja anaogopa sana, huyo mmoja ana nini? Je, Mama Mdogo alisikia habari ya mkubwa kwanza ndipo akachukia, au alichukia kwanza, kwa sababu ya andazi, ndipo masikio yake yakaenda kutafuta habari? Basi liliposimama Columbus nilikuwa sijui zaidi ya nilivyojua Louisville, ila nilikuwa nimechoka zaidi.

Mjomba alikuja kunichukua kituoni, tukaenda kwake Hilliard. Tulipokaribia nyumbani alisema Jumapili baada ya ibada wazee watakaa kwake, na watanipigia simu. "Neno moja tu, binti. Usituletee insha."

Nilirudi kazini nikaamua kumuuliza Metre mwenyewe. Nilichagua alasiri, wageni walipokuwa wamekwenda kutazama farasi na ukumbi ulikuwa mtupu. Alikuwa anapangusa glasi, moja moja, akizitazama kwenye mwanga wa dirisha. Nilizunguka meza nikaja kutoka upande wa macho yake. Nadhani aliliona hilo.

"Metre, nilikwenda Buffalo."

"Najua. Mama yako aliniambia kama ulienda kusalimia." Akaweka glasi moja, akachukua nyingine. "Bon. Batu ba Buffalo wazima?"

"Wanasema mkubwa alikufa mezani kwako."

Hakusimamisha kitambaa. "Alikufa, ndiyo. Siyo mezani. Alikufa kesho yake, muchana, kwa kiti chake."

"Alikufa kwa nini?"

"Sijue."

"Hujui?"

"Alikuwa na maadui mingi. Alikuwa na mafuta mingi pia, hapa." Akagusa tumbo lake. "Labda sumu. Labda moyo. Hakuna daktari alikuja. Mimi nilionja supu. Nilionja samaki. Nilionja divai, mbele yake, kama kila siku. Asubui tukaamka wote. Halafu yeye akafa, mimi nikabaki. Sasa batu wakauliza: aliyeonja, mbona iko muzima?" Aliinua glasi, akaitazama. "Unaona? Kama ningekufa naye, ningekuwa mutu muzuri. Wangenizika na wimbo."

"Ukafanyaje?"

"Nikatoka kwa mulango wa jikoni na nguo ya kazi. Kwa nyumba kubwa, mulango wa kwanza unajifunza ni ule."

Nilimtazama kwa makini. Mwenye hatia angesema kwa hakika kwamba ulikuwa moyo, niliwaza. Mwenye hatia mwenye akili angesema hajui. Na asiye na hatia angesema nini? Angesema hajui. Basi jibu lake lilikuwa halinisaidii kitu, na nikahisi karibu kulia kwa hasira, kama mtu aliyesukuma mlango akakuta nyuma yake kuna mwingine.

"Kama kuonja hakuthibitishi kitu," nilisema, "kwa nini unaonja mpaka leo? Hapa hakuna anayekuomba. Hawa Wazungu wanadhani ni mapambo."

Sasa aliiweka glasi chini.

"Na weye, siku unakuja hapa na gari ya mama yako, ukiifunga, mbona unarudi kuvuta mulango? Nakuangaliaka kwa dirisha. Unavuta, unaenda. Unarudi tena. Mulango ulikuwa wazi hata siku moja?"

"Hapana."

"Bon."

Akarudia kupangusa. Nilikuwa nimeshageuka aliposema, kwa sauti ya chini, "Mama yako hataki kunionjea. Nilimuomba kwa macho, anakataa. Mimi nataka kula kwake, mutoto. Mkono unakataa. Nauambia uende, hauendi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema jambo ambalo lisingemfaa kazini. Juu ya kichwa chake bwana mmoja wa zile picha za mnadani alikuwa amemshika mbwa wake na kututazama kwa dharau, na nikamtilia shaka hata yeye.

Jumapili ikafika. Mchungaji alihubiri, sikusikia. Tulipotoka, Metre alitufuata na gari yake mpaka nyumbani, maana Mama alikuwa amemwalika, na namna alivyomwalika ilikuwa kama ya hakimu anayempangia mtu tarehe. Mdogo wangu alikuwa amekwenda kucheza mpira. Simu yangu niliiweka mezani, karibu na chumvi. Hilliard walikuwa wameshakaa. Mjomba alikuwa amenitumia picha ya viatu vya wazee vilivyopangwa mlangoni.

Mama alikuwa amepika sombe, majani ya muhogo, kwa mafuta ya mawese na ndagala, dagaa wa kwetu, na bugali mmoja mkubwa, mweupe, unaofuka moshi, katikati ya sahani moja. Hakuweka sahani za kila mtu. Alitaka tule kama kwetu, mikono mitatu katika chombo kimoja. Alileta maji ya kunawa. Metre alinawa. Mimi nilinawa. Mama akanawa, akasali kwa maneno machache, akakaa, akakunja mikono.

Hakuna aliyesogea.

Moshi wa bugali ulipanda ukapungua. Metre aliinamisha kichwa, akavuta ile pumzi yake ya Jumamosi, na nikajua sentensi inayofuata. Mama aliijua pia. Niliona taya lake. Mkono wa Metre ulikuwa ukingoni mwa meza, safi, mkavu, kama mkono wa mtu wa kwenye picha ya ukutani.

Nikawaza kwamba naweza kumaliza jambo hili mwenyewe. Mimi ni mtu wa nyumba. Nikimega tonge nikala, Metre atakula. Lakini Mama atakuwa ameonjewa chakula chake na mtoto wake mwenyewe, mbele ya mwanamume, kama mshtakiwa, na hatanisamehe kabla ya Pasaka. Nisipokula, Metre atasimama, atashukuru, atakumbuka kitu alichoacha kwenye gari, na hilo litakuwa jibu la Hilliard bila mimi kufungua mdomo. Na je, si ndicho nilichokitaka? Nilijiuliza ninachokitaka nikakuta kwamba sijawahi kujiuliza.

Simu ikaanza kutetemeka karibu na chumvi. Sikuigusa. Nikanyoosha mkono kwenye bugali.

"Ngoja," Metre alisema.

Mkono wake ulikuwa umeniwahi. Tonge alilomega lilikuwa kubwa na baya, la mtoto. Alilibonyeza kwa kidole gumba, akachota sombe, na ndagala mmoja akabaki amening'inia. Hakupasua. Hakuangalia ndani. Akatia mdomoni.

Nilitazama koo lake. Sioni haya kusema hivyo. Mtu mwingine angetazama macho, mimi nilitazama koo, kuhakikisha kwamba anameza. Alitafuna muda mrefu, na machozi yakamtoka, ya pilipili au ya nini, sijui. Akameza.

Kisha akaishika sahani kwa ncha za vidole, akaigeuza kidogo, upande wenye samaki wengi ukaja kwangu, akaisukuma mbele yangu.

"Kula, mutoto," alisema. "Nimekwisha kuonja."

Mama alifungua mikono yake. Alimtazama kama siku ile ya kwanza kanisani, kwa muda mrefu, kisha akamega tonge lake taratibu, lakini hakulitia mdomoni. Alikuwa ananingoja.

Nilielewa kilichofanyika mezani kwetu, nikaelewa pia kwamba ningeweza kukishuku. Kwamba huenda alikipanga. Kwamba mtu aliyetumikia katika nyumba kubwa anajua vizuri mgeni hukaa wapi na mwenye nyumba hukaa wapi, na jinsi ya kuhama kutoka kiti hiki kwenda kile bila kusimama. Yote hayo nimeyawaza, na bado nayawaza.

Simu ilitetemeka tena. Niliipokea kwa mkono wa kushoto.

"Eh, binti!" Mjomba alipaza sauti, na nyuma yake nikasikia wazee wakikohoa. "Bazee wako hapa. Unasema nini?"

Nikamwambia asubiri, nina chakula mdomoni.